Baltazar na Ng'ombe wa Kwenye Televisheni

Mtu asikudanganye, Baltazar Tluway alikuwa dereva wa kweli. Alitoka Tlawi akiwa kijana, akateremka Basotu kwenye mashamba ya ngano ya serikali, akapewa lori, na kwa miaka mingi ngano ya uwanda wa Hanang ilikwenda ghalani mgongoni mwa gari lake. Kisha wakubwa wakaamka asubuhi moja wakagundua kwamba shamba la umma ni hasara tupu. Wakaja watu wenye tai, wakapima, wakauza, na madereva wakaambiwa asanteni sana, nendeni salama. Lori lenyewe likakokotwa kwenda kukatwa chuma chakavu. Baltazar akarudia jembe, hapo hapo Basotu.

Kilichomuuma haikuwa njaa. Mahindi na maharage yalikuwepo, mbuzi wawili watatu hawakukosekana. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa mtu, halafu akawa si mtu. Mkewe, Oliva, zamani alipishwa kisimani kwa sababu ya mumewe. Vijana waliokuwa wakikimbilia dirisha la lori kumwamkia sasa walimpita na pikipiki bila hata kugeuza shingo. Shikamoo yenyewe ilibidi aingoje. Inauma, jamani, tusidanganyane.

Basi Manyara ikafanywa mkoa, Babati ikawa makao makuu, na makao makuu hayakosi maonyesho ya biashara. Baltazar alikwenda kutafuta pampu ya kunyunyizia dawa shambani. Pampu hakuiona, akaliona hema moja limejaa watu mpaka nje. Ndani kulikuwa na kiti cha gari kilichofungwa kwenye mbao, usukani, pedali tatu na televisheni kubwa. Kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akieleza kwamba hiyo ni michezo ya mbio za magari ambayo bado haijafika madukani, na kampuni inataka wananchi waijaribu kwanza. Tena akaongeza kwamba atakayemaliza mbio haraka kuliko wote siku hiyo, kampuni itamchukua kuwa dereva kwenye gari lake la matangazo, Manyara nzima.

Dereva. Neno hilo lilimwingia Baltazar mpaka kwenye mifupa. Akapanga foleni na watoto wa shule, mtu mzima na koti lake. Zamu yake ilipofika akatoa leseni mfukoni, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kijana akacheka, akamwambia hapa leseni haihitajiki.

Kulikuwa na mbio za lami, na mbio za kwenye theluji, na mbio za barabara ya vumbi ambayo walisema wameitengeneza ifanane na Afrika. Shindano lilikuwa la vumbi. Baltazar akafurahi, maana vumbi ndilo alilozeekea. Kona ya kwanza akaila, ya pili akaila, watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu mzee si wa mchezo. Mara kundi la ng'ombe likatokea kushoto, likaingia barabarani.

Hapo ndipo alipojiharibia, na kosa lile asingelifanya mtu wa mjini. Kwetu uwandani, ng'ombe wakiingia barabarani dereva hapigi honi wala hajipenyezi. Anasimama, anazima injini, anamsalimia mchungaji, anangoja mpaka wa mwisho avuke. Ukitawanya mifugo ya mtu umemtukana yeye, baba yake na boma lake lote. Baltazar akakanyaga breki. Akatafuta ufunguo azime gari, hakuuona. Akaweka mikono magotini, akangoja kwa adabu. Lakini wale ng'ombe hawakuwa na wa mwisho. Waliovuka walitokea tena upande ule ule. Hema zima likavunjika mbavu.

"Mzee, hizo ni picha," kijana alimwambia. "Pita katikati yao."

Kwa kuwa watu walifurahi mno, akapewa zamu nyingine. Na hapo Baltazar akamwona Gidabuday, mzee mfugaji wa Basotu, ambaye ng'ombe wake aliwahi kuwasimamishia lori mara zisizo na idadi. Gidabuday alikuwa ameegemea fimbo yake, hacheki. Baltazar akatazama chini. Akamfikiria Oliva. Walipotokea ng'ombe akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akawapitia, wakaruka huku na huko kwa mlio wa debe tupu. Alishinda. Watu walimbeba juu juu. Alipomtafuta Gidabuday kwa macho, hakumwona tena.

Nyumbani Oliva alicheka, akalia, akacheka tena. Jumuiya nzima ya kanisani ikapata habari kabla ya jioni. Akashona kitenge kipya, akawatangazia wanawake wenzake kwamba siku ya mnada mumewe atakuja na gari, naye ataketi mbele.

Baltazar aliporipoti Babati alipewa kofia nyekundu iliyoandikwa DEREVA. Akaomba ufunguo. Wakatazamana. Gari lina dereva wake, wakamwambia, anaitwa Joakimu. Yeye nafasi yake iko nyuma, kwenye bodi la lori, ambako kiti na televisheni vimefungwa kwa nati. Watu wanataka kumwona mzee anayegonga ng'ombe. Si ndicho alichoshindia?

Angeitupa ile kofia pale pale. Wewe na mimi tungeitupa, au ndivyo tunavyojisemea. Baltazar akaivaa.

Siku ya mnada wa Basotu, Oliva alifika na wanawake wa jumuiya, kitenge kinang'aa. Akaenda moja kwa moja mlango wa mbele, akamkuta Joakimu anakula muwa. Joakimu akamwamkia vizuri, akaonyesha nyuma kwa kidevu. Oliva akazunguka. Juu ya bodi, mumewe alikuwa ameshika usukani usiopeleka gari popote, kijana akipaza sauti, "Mzee, wagonge!" na watoto wakipokea. Baltazar akawagonga. Wafugaji waliokuja kuuza mifugo walitazama kidogo, wakaondoka zao.

Oliva alingoja mbio ziishe. Kisha akasogea mpaka kwenye gurudumu.

"Baba Irene," alisema taratibu, "shuka twende nyumbani."

"Niko kazini."

"Kazi gani hii?"

Baltazar akaigusa kofia yake iliyoandikwa DEREVA. Wanawake wa jumuiya wakatazama chini. Oliva hakubishana. Alijifunga vizuri kitenge chake, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, na wenzake wakamfuata nyuma.

Baltazar alimtazama akienda mpaka kijana alipomkumbusha kwamba watu wanangoja. Angeweza kushuka. Ngazi ilikuwa pale pale, wala hakuna aliyeizuia. Akageukia televisheni.