Sauti Nzito Ufukweni Katonga

Harufu ya dagaa wanaokaribia kukauka ndiyo harufu ya likizo yangu ya kidato cha pili. Tuliishi Katubuka, lakini kila asubuhi nilimfuata mama mdogo Zena mpaka Katonga, ufukweni mwa ziwa, tukamwaga dagaa wake kwenye vichanja na kuwatandaza kwa viganja. Kufika saa nne mchanga ulikuwa unaunguza nyayo. Wanawake wa pale walikuwa na sheria moja: anayeliona wingu la mvua kwanza hupiga ukelele, na wote huanua, dagaa wako na wa jirani. Wakilowa, wanaoza.

Sheria hiyo iliniogopesha kuliko mvua yenyewe. Sauti yangu ilikuwa imeshuka ghafla, nzito kama ya mvulana. Siku ya kwanza niliwaamkia wanawake wa kichanja cha pili, "Shikamooni." Bi Mwajuma hakugeuka hata kidogo. "Marahaba kaka, nyavu umemwachia nani?" Walicheka mpaka wakashika magoti. Tangu hapo nikawa naamkia kwa kuinamisha kichwa tu.

Mama mdogo alikuwa na redio ya flashi, na humo mumewe alikuwa amemjazia nyimbo za wanawake weusi wa Marekani, za blues na soul. Wa kwanza nilidhani ni mwanaume.

"Mwanaume wapi!" mama mdogo akasema. "Huyo mama wa watu, kaachwa, anasema yake."

Sauti ilitoka chini kabisa, ina mikwaruzo, haimwombi mtu radhi. Kiingereza nilikipata nusunusu, lakini vinyweleo vya mikono vilisimama. Niliurudia wimbo ule mara sijui ngapi. Nilipobaki peke yangu nikamfuatisha polepole, nikakuta kule chini anakoshuka, na mimi nafika.

Kisha ikaja siku mama mdogo amekwenda sokoni. Wanawake wengine walikuwa wanasukana chini ya turubai, wameligeuzia ziwa mgongo. Nikaona wingu jeusi linakuja juu ya maji. Nikangoja mwingine alione. Hakuna. Tone likaniangukia mkononi, na dagaa wa watu wote wako nje. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, kama wale wanawake wa redioni.

"Mvuaaa! Anueni!"

Walitimka wote. Tuliokoa karibu kila kichanja, na hakuna aliyecheka. Bi Mwajuma, kanga yake imejaa dagaa, alinigeukia. "We mtoto, sauti yote hiyo ulikuwa unaificha ya nini? Kesho kaa huku mbele, utuangalizie ziwa."

Leo niko kidato cha sita. Bado naona haya mbele za watu, na mengi naliambia daftari. Wale waimbaji sasa nawajua kwa majina, nimeongeza na wengine kwenye simu. Sauti yangu haijapanda. Mwaka ule, kila nikiamka, nilikuwa nanong'ona neno moja kupima kama imerudi ya kike. Siku hizi sikumbuki hata kupima.