Kwenda Sumbawanga Kuonja Sandwichi za Otilia

Sikuondoka Mwimbi kwa ajili ya hamu ya kuku. Kuku tunao, wanalala chini ya ghala na kutuamsha kila siku kabla ya jua. Niliondoka kwa sababu mke wangu Gaudensia alisema atakwenda, nami au bila mimi, na katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akisema neno zito kwa sauti ndogo namna ile.

Habari yenyewe ni hii. Binti yetu wa mwisho, Otilia, anapika katika mgahawa wa kuku pale Sumbawanga, mmoja wa ile migahawa yenye matawi miji mingi, ambako unaagiza ukiwa umesimama na chakula kinatoka kabla hujachoka kusimama. Walikuwa wanataka kuanza kuuza sandwichi tatu mpya za kuku. Kabla ya kuziuza, kila mfanyakazi aliruhusiwa kualika watu wawili waje kuzionja na kusema ipi inafaa. Mojawapo aliitunga Otilia mwenyewe. Tena Jumatatu iliyofuata alikuwa anahamishiwa tawi la Mbeya. Alimpigia mama yake simu akasema, "Mama, nina nafasi mbili. Moja yako. Ya pili ni ya baba, akikataa njoo na yeyote."

Nilikuwa sijaonana na binti huyu kwa mwaka na nusu. Alikuwa katika nyumba ya malezi ya masista, zimebaki wiki chache aweke nadhiri za kwanza. Mimi ni katekista wa kigango chetu. Nilikuwa nimeshatangaza kanisani, nimeshatenga na ng'ombe wa sherehe. Ndipo akapiga simu kusema ametoka. Nilimwambia, "Usikanyage Mwimbi mpaka nikuite," nikakata. Sikumwita. Watu wakiniuliza habari za sista wetu nilijibu kwamba yupo, nikageuza mazungumzo kwenye mahindi.

Mwimbi, saa kumi na mbili asubuhi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na ule upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unakata masikio. Nilivaa koti langu la Jumapili. Gaudensia alijifunga vitenge viwili na kubeba maharage katika kikapu. Tulikodi bodaboda mbili, maana mke wangu hakubali kupanda mishikaki, abiria wawili pikipiki moja. Njia nzima niliutazama mgongo wake mbele yangu katika vumbi, nikatamani pikipiki yake iharibike turudi. Haikuharibika.

Matai, saa moja na nusu. Tulikunywa chai ya rangi kwa chapati karibu na kituo, tukaingia kwenye kosta ya Sumbawanga. Kwenye kiti cha jirani alikaa mama mmoja wa Kisukuma, wa zile familia zilizohamia huku na ng'ombe wao. Alitusalimu vizuri, akauliza, "Mnakwenda wapi, baba, mmependeza hivyo?"

"Hospitali," nikasema. Neno lilinitoka lenyewe.

"Pole sana. Hata mimi naenda huko huko. Basi tukishuka tutaongozana, nawafahamu manesi. Unaumwa nini?"

Nilikohoa. Gaudensia, aliyekuwa dirishani, akajibu bila kugeuka: "Moyo."

Yule mama alinihurumia kwa dhati. Akanisogezea mkoba wake niuegemee, akaanza kunitajia watu aliowajua waliokuwa na moyo na wakapona. Nilitazama mashamba yaliyovunwa yakipita, na uwanda wetu ule ulionyooka mpaka unaona mvua ya kijiji kingine, nikawa naona haya kwa hesabu mbili: haya ya safari yenyewe, na haya ya kumdanganya mtu mwema. Mtu anayewafundisha watoto amri za Mungu!

Tulipokaribia mjini mke wangu alishindwa kuvumilia. "Dada, utusamehe," akasema. "Mume wangu haumwi. Tunakwenda kwa binti yetu, anapika kuku kwenye mgahawa. Alitoka utawani, na baba yake anaona aibu."

Yule mama alinigeukia. Nilingoja anikaripie.

"Wa kwangu aliolewa mbali," akasema. "Huu mwaka wa sita sijamwona. Namba yake haipatikani. Ningeambiwa yuko Sumbawanga anakaanga kuku, baba, ningekuja kwa miguu na hizi ndala." Akachukua mkoba wake taratibu, akauweka mapajani. Tuliposhuka, wakati wa kuagana, alinipa mkono.

Sumbawanga, saa tatu na nusu. Stendi ilikuwa imejaa magunia na wapiga debe. Nikamwambia Gaudensia, "Mama Kosmas, tuanzie kanisani tusali kidogo." Kosmas ni kifungua mimba wetu.

Alijua nataka kuchelewa. "Mungu hahami, Baba Kosmas," akasema. "Anayehama ni mtoto."

Tukaenda moja kwa moja.

Mgahawani, saa nne. Nilitegemea kibanda chenye moshi. Nikakuta jengo la vioo, meza nyekundu, na sakafu inayong'aa hata nikaifikiria soli ya kiatu changu. Dada mmoja mwenye kofia, msimamizi wa pale, alikuja mbio. "Shikamooni! Nyinyi ni wazazi wa Shefu Oti, sura haijifichi." Tukaitika marahaba. Hilo jina la Shefu Oti lilinichoma. Nyumbani tulimwita Oti alipokuwa mdogo, kabla hatujaanza kumwita Sista kwa utani uliogeuka kuwa kweli yetu.

Otilia akatoka jikoni. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa aproni nyeusi, mkononi ana kovu jipya la mafuta. Alipiga goti kwa mama yake, wakakumbatiana, Gaudensia akalia waziwazi mbele ya wateja. Kisha akapiga goti kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Ndiyo yote niliyoweza. Akasimama, akapangusa mikono iliyokuwa mikavu, akasema, "Kaeni, nawaletea."

Zilikuja tatu kwenye trei, kila moja imekatwa vipande, na karatasi mbili za kuandika maoni. Gaudensia aliinua kipande akakikagua chini na juu. "Kumbe ni skonzi," akasema, na wasichana wa kaunta wakacheka. Hatukujua pa kuanzia. Nilijaribu uma, mkate ukakimbia. Otilia akatuonyesha: mikono miwili, unabana, unainama juu ya sahani. Sosi ya kwanza ilinidondokea kwenye koti la Jumapili, na yeye akanipangusa na tishu kabla sijasema kitu, kama mtu anayempangusa mtoto. Tuliogopana kidogo baada ya hapo.

Sandwichi ya kwanza ilikuwa na jibini iliyoyeyuka na majani ya saladi. Gaudensia aliisukuma upande wangu, akasema inanata mdomoni. Mimi niliimaliza ila sikuipenda wala kuichukia. Ya pili ilikuwa na kuku wa pilipili na achari ya embe. Hiyo, nasema kweli, ilinishika. Pua ilitoka maji, nikarudia kipande cha pili na cha tatu. Ya tatu ilikuwa ya Otilia. Alikuwa amelaza kuku katika maziwa mgando usiku kucha, kisha akamviringisha kwenye unga wa ulezi na kumkaanga, juu akaweka kabichi na kitunguu. Ulezi niliujua hata kabla ya kutafuna. Wazo lilikuwa zuri sana. Lakini nyama ilikuwa imekauka, na mkate juu yake ukaniomba maji.

Mke wangu aliweka alama kwenye karatasi yake papo hapo: namba tatu, na maneno "tamu sana" kwa herufi kubwa. Mimi nilishika kalamu. Otilia alikuwa amesimama pembeni ya meza, amekunja mikono.

"Baba, andika kweli," akasema.

Nilimtazama. Asubuhi ile nilikuwa nimeshasema uongo mmoja, na nyuma yake kulikuwa na mwaka na nusu wa uongo mdogo mdogo. "Namba mbili ndiyo tamu," nikasema. "Ya kwako nimeipenda ule ulezi. Ila nyama imekauka. Inataka mchuzi, au umtoe mapema kwenye mafuta."

Gaudensia alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini Otilia alivuta kiti akakaa, uso umechangamka. "Nilijua!" akasema. "Wiki nzima nawauliza hapa, wote wananiambia safi, poa, shefu uko vizuri. Nilijua kuna kitu." Akatoa kijidaftari kwenye mfuko wa aproni, akaandika. Nikaona anavyouma mdomo wa chini akiandika, nikajua sijapoteza kila kitu.

Basi nikasema lile nililotakiwa kulisema siku ya simu. "Nimekwambia kweli. Na wewe niambie. Kwa nini ulitoka?"

Mama yake aliacha kutafuna.

"Hujawahi kuniuliza, baba."

"Nakuuliza sasa."

"Nilikuwa naamka alfajiri kusali na wenzangu, naona nyuso zao zimetulia, mimi nangoja tu sala ziishe niende jikoni. Jikoni ndiko nilikosali. Niliogopa miaka miwili. Mwisho nikamweleza mama mlezi. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia, mwanangu, Mungu hadanganywi, na wewe usijidanganye. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya kuja kuomba kazi hapa." Akafunga kijidaftari. "Nilipokupigia nilitaka kukueleza hayo yote. Simu ikakatika."

"Haikukatika," nikasema. "Niliikata."

"Najua, baba."

Niliomba msamaha. Wakati ule niliutafuta kwa maneno ya kanisani, hayakuja, nikasema tu, "Nisamehe, Oti." Akaushika mkono wangu uliokuwa na sosi. Halafu akaitwa jikoni, maana watu wa kazi hawana muda mrefu wa kulia. Alituletea kuku na chipsi za kubeba, na wakati wa kutusindikiza mlangoni nikamwambia, "Ukipata likizo huko Mbeya, njoo nyumbani. Nakuita."

Njiani kurudi, saa nane. Upepo ulikuwa umetulia, jua la uwandani likituchoma kupitia kioo. Gaudensia alinilaumu mpaka Matai kwa ile namba mbili. "Mtoto hujamwona mwaka na nusu, unamwambia kuku amekauka!" Kisha akacheka mwenyewe, akalala begani kwangu. Tulifika Mwimbi jua likielekea kuzama, tukala chipsi zilizopoa tukiwa tumesimama, kama watu wa mjini.

Iliyoshinda ni ile ya pilipili, kama nilivyosema. Sandwichi ya Otilia haikuingia kwenye orodha. Aliniambia mwenyewe kwa simu kutoka Mbeya, bila huzuni, na kwamba amebadilisha muda wa kukaanga na ataijaribu tena huko. Siku hizi ananipigia mimi akitaka kusikia kweli, na mama yake akitaka kusifiwa. Nimejifunza kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nawafundisha watu majibu, na sikujua kuuliza.

Alikuja nyumbani mwezi wa kumi kwa siku tano. Jumapili, baada ya ibada, jirani yetu mmoja alinivuta pembeni na kuninong'oneza, macho yakiwa kwa Otilia aliyekuwa anacheka na wanakwaya. "Katekista, huyu si ndiye yule aliyetoka utawani? Ilikuwaje?"

"Ndiye," nikamjibu, bila kunong'ona. "Mwulize mwenyewe. Anaeleza vizuri kuliko mimi."