Ubeti wa Pili wa Jirani Yangu

Jirani yangu wa mtaa wa Thamesmead, Mwairishi tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, aliishi kwa kuimba nyimbo za kwao katika baa na kumbi za London. Ujanani alitoa santuri kadhaa, na mpaka leo vijana wanaziimba nyimbo zile bila kujua zimetoka kwake. Wimbo mmoja tu hakuurekodi. Mama yake alimfundisha akikamua ng'ombe, kwa sharti kwamba upite mdomoni kwenda sikioni, usiingie kwenye mashine. Naye hakuwa na mtoto. Daktari alipomwambia kwamba uvimbe wa kooni lazima uondolewe, na sauti itakwenda nao, alikuja kunigongea mlango.

"Wewe ulisoma kasida utotoni," alisema. "Sikio unalo. Nikuachie wewe."

Nilitishika, lakini sikuweza kumkatalia. Kila alasiri nikishasali nilikwenda kukaa kwenye kiti chake kibovu. Maneno ya Kiairishi niliyashika kama nilivyoshika sura za Kurani chuoni, bila kujua maana. Ubeti wa kwanza ukaingia. Wa pili ulipanda nisipotarajia, ukajikunja, ukashukia kwingine kabisa.

"Unaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto," alinitania. "Umeushika?"

Niliitazama ile shingo iliyovimba. "Nimeushika."

Kwetu mtu mzima akijikaza kukufundisha, humwambii hujaelewa. Ndivyo nilivyojitetea moyoni. Ukweli ni kwamba nilichoka, na niliona haya.

Mke wangu alinisikia jikoni nikijaribu.

"We bwana, hapo mwisho si wimbo wa mtu huyo. Hiyo kasida ya maulidi!"

"Zinafanana."

"Zinafanana wapi? Nenda kamwambie sasa hivi, maana sauti bado anayo."

Nikaenda. Nilimkuta anapanga nguo za hospitali kwenye mfuko, soksi zinamwanguka. Nikamwokotea soksi. Nikarudi nyumbani na uongo wangu.

Baada ya operesheni niliruhusiwa kumwona. Nesi, mama wa Kikenya, alinisimamisha mlangoni mwa wodi. "Shikamoo mzee. Usimchoshe, sawa? Kuongea hawezi, lakini anasikia vizuri."

Shingoni alikuwa na tundu, na pumzi ilipita humo ikipiga mluzi. Aliponiona alininyooshea kidole mdomoni. Nikajua anachotaka. Niliimba ubeti wa kwanza chini chini. Akafumba macho, uso ukalegea kama wa mtu aliyefika kwao.

Ubeti wa pili ukafika. Ile kasida ilikuwa tayari ulimini, inangoja tu. Nilichoogopa zaidi si kwamba angeutambua uongo wangu. Niliogopa kwamba, kwa dawa zilizomlevya, angeukubali, na wimbo wa mama yake ungefia pale kitandani huku yeye mwenyewe akitabasamu.

Nikaukatiza wimbo. Akafumbua macho.

"Sikuushika," nilisema. "Kila siku nilikuwa nakudanganya."

Mluzi wa shingoni ukaenda mbio. Nilidhani namuua. Nilikuwa nageuka kumwita nesi, akanidaka mkono wa koti, akavuta kibao walichompa cha kuandikia. Aliandika polepole, herufi zimepinda: *Mwongo mkubwa wewe. Imba.*

Nikaanza. Akainua mkono juu ya shuka: juu, juu zaidi, kisha ukateremka kidogo. Sauti yangu iliufuata mkono. Akatikisa kichwa, akaurudisha pale pale. Nikajaribu tena. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu kidole kilitulia hewani, nikajua noti moja nimeipata.

Nesi akaja. "Mzee, muda umeisha."

Jirani yangu hakuliachia koti langu. Nami sikulivuta. Hata nusu ya mstari tulikuwa hatujafika.