Redio Niliyoifungua

Kabla sijawa mfagiaji wa ofisi nilikuwa mtu wa phonie. Nalisema hili mapema kwa sababu London ilitaka nilisahau, na mimi sipendi kusahaulishwa. Kwetu, mashariki ya Congo, phonie ndiyo ile redio ya kusema na kusikia iliyowekwa kwenye parokia, kwenye zahanati na kwenye maduka ya matajiri, huko ambako simu haikuwahi kufika. Miaka kumi na moja nilikaa mbele ya mashine hiyo nikipokea vifo, harusi, bei ya chumvi na salamu za watoto wa shule. Kazi hiyo nilimfundisha mdogo wangu wa kike. Nilipokimbia, yeye ndiye aliyekalia kiti changu katika kituo cha mapadri, mwendo wa siku tatu kwa miguu kutoka Bukavu.

Nilifika Uingereza mwezi wa Aprili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikapewa chumba Hounslow, pembeni mwa London karibu na uwanja wa ndege, juu ya duka la mazulia. Ndege zilipita dirishani zikiwa zimeshusha magurudumu. Ruhusa ya kufanya kazi nilikuwa nayo, barua ya kukaa nilikuwa bado naingoja kutoka ofisi ya uhamiaji ya Croydon, na mtu anayengoja barua ya Croydon hujifunza kutembea akigusa ukuta. Sikutaka kesi ya aina yoyote.

Lakini dada yangu alikuwa kule, na vita ilikuwa inasogea.

Redio nilipewa Januari ya mwaka uliofuata na Mtanzania mmoja dereva wa teksi, jirani yangu wa mlango wa pili. Ilikuwa CB, zile redio ndogo ambazo madereva wa malori walikuwa wakipigia soga barabarani kabla simu za mkononi hazijawamaliza. Yake ilikuwa ya magendo kidogo, ya kutoka nje, yenye uwezo kuliko zile za dukani. Alikuwa ameichoka. Alinikabidhi ikiwa imefungwa kwenye taulo, akasema, “Chukua bwana, mimi siku hizi na-deal na mobile tu.”

Niliifungua kwa bisibisi juu ya kitanda. Nilipoona matumbo yake nilicheka peke yangu, maana ilikuwa mashine ya kawaida kabisa iliyofungwa kamba miguuni. Kulikuwa na waya mmoja wa kuizuia isipande zaidi ya chaneli zake. Niliukata. Kulikuwa na skrubu ya nguvu iliyopakwa rangi ili isiguswe. Niliigusa. Kwa antena nilipima mita tano za waya wa shaba, nikazitundika uani kama kamba ya nguo, nikaanika juu yake soksi mbili za kuwazuga wapita njia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijiona mtu mwenye kazi yake.

Miaka ile jua lilikuwa kali huko juu, na sisi watu wa redio tunajua kwamba jua likichacha, mashine ndogo hufika mbali. Chaneli za CB mchana zilijaa Waitalia na Wabrazili wakipigiana kelele. Nikapanda juu zaidi, nikakuta mahali patulivu, pasafi, utadhani pamefagiliwa. Nilimpigia simu rafiki yangu Bukavu, naye kwa phonie ya dukani kwake akamwambia dada yangu: geuza mpaka namba hii, ungoje saa kumi jioni. Saa kumi ya kwao ilikuwa saa nane mchana London. Betri yake ilikuwa ya kuchajiwa kwa jua, kwa hiyo angewasha robo saa tu kwa siku.

Siku ya tatu nilimsikia. Sauti kwanza ilikuja kama ya bata, nikazungusha kitufe polepole, bata akageuka mtu, na mtu huyo akawa dada yangu. “Kaka, njo weye?” Nikamjibu ndiye mimi, nikalia, sioni haya kulisema. Tulizungumza karibu kila siku kwa miezi miwili. Wiki ya pili askari wakaichukua phonie ya rafiki yangu wa Bukavu, na tangu hapo hakukuwa na mtu duniani wa kumfikia dada yangu ila mimi, kwa redio ya teksi na kamba ya soksi.

Mapema mwezi wa Machi mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa mzee wa Kiingereza, mrefu, amevaa sweta lenye viraka viwili viwikoni, anakaa nyumba ya nyuma yetu yenye mlingoti mkubwa wa antena. Nilikuwa nimeuona mlingoti ule nikaogopa kuutazama sana. Aliniambia kwa adabu iliyonyooka kwamba pale nilipopaona pamefagiliwa palikuwa na wafagiaji. Palikuwa mahali pa watu wa redio ya ridhaa, watu waliofanya mtihani, waliojifunza kugonga Morse, ile lugha ya ti-ti-ti, wenye leseni na jina la kituo. Nami nilikuwa mwizi pale. Hakutumia neno hilo; alisema “mgeni asiyealikwa.”

“Una leseni?” aliniuliza.

Nilimwambia sina redio. Uongo wa kitoto, na waya uko juu ya kichwa chake. Aliitazama soksi moja, akasema kwamba wajibu wake ni kuwapelekea ripoti wahusika, na angependa nisimlazimishe. Alipoondoka hofu ilinishika, halafu hasira. Miaka kumi na moja mbele ya mashine, leo naitwa mgeni hewani na mtu anayecheza redio baada ya chai.

Dereva wa teksi nilipomsimulia aliwaka kuliko mimi. Alikuwa na ugomvi wa zamani na watu hao, tangu siku zake za CB. Walimrekodi, wakamsema, naye alikuwa akiwapigia filimbi katikati ya mazungumzo yao. “Hao wamefaulu mtihani wa ti-ti-ti, basi wanaona hewa ni shamba la baba yao,” alisema. “Akikusumbua, chukua pini ya kushonea, ichome kwenye ule waya mnene unaotoka kwenye antena yake, halafu kata kichwa cha pini. Antena itakufa, naye atatafuta sababu mwezi mzima. Sisi ndivyo tulivyokuwa tunafanya.”

Nilicheka nikamwambia mimi si mtu wa hivyo.

Mwishoni mwa Machi vita ilifika karibu na kituo. Mapadri walikuwa wanataka kuondoka. Dada yangu akauliza afanye nini, nami nikamwambia neno ambalo ningetoa mkono wangu nilirudishe: “Usitoke mpaka nikuambie.” Njia zilikuwa mbaya, nilitaka kwanza nimpatie gari. Akasema sawa. Siku zote alikuwa mtu wa kusikia.

Jumapili iliyofuata saa za London zilisogezwa mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo huko kila Machi. Tuliambiwa kazini, kila mtu akasogeza, nami nikasogeza. Kule nilikozaliwa jua linachomoza saa ile ile mwaka mzima na hakuna serikali inayoligusa. Ilinijia akilini kwamba kama saa inasogezwa, basi inasogezwa. Sikufikiri kwamba ni huku tu.

Jumatatu rafiki yangu wa Bukavu alinipigia simu: amepata lori. Litasimama njia panda, nusu siku kutoka kituoni, Jumamosi asubuhi. Nikakaa kwenye redio saa nane kamili nikaita. Nikaita mpaka saa tisa kasorobo, muda wangu wa kutoka kwenda zamu. Kimya. Jumanne kimya. Jumatano nikasikia filimbi nyembamba ikipita juu ya masafa yetu, nikajua moyoni, kwa ule uhakika wa mtu mwenye hofu, kwamba ni mzee wa nyuma ananizuia. Alhamisi na Ijumaa niliita mpaka koo likakauka. Jumamosi lori lilisimama njia panda mpaka mchana, likaondoka. Hakuna aliyekuja.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, mzee akiwa ametoka na kikapu chake cha sokoni, niliruka ukuta wa nyuma na pini mkononi. Waya wake mnene ulishuka kando ya mlingoti hadi dirishani. Nilichoma, nikakata kichwa cha pini, nikapaka tope kidogo juu. Nilifanya kazi safi, ya fundi.

Habari za kituo zilifika Bukavu baada ya wiki kadhaa. Kiliingiliwa, kilichomwa, watu walitawanyika porini. Mapadri walifika salama. Walisema walimsihi sana dada yangu wafuatane, akakataa. Kiliingiliwa siku gani, hakuna anayejua kwa hakika. Mmoja anasema wiki ile ya pini, mwingine anasema siku kumi na zaidi baadaye. Yeye hajaonekana mpaka leo, si hai, si kaburi. Msiba usio na kaburi hauna pa kukaa, unazunguka na wewe nyumbani. Mpaka leo nikisikia redio ikikoroma mahali fulani, kwenye gari la mtu au jikoni, nasimama kungoja ile sauti ya bata igeuke mtu.

Mwezi wa Mei mzee aligonga tena. Nilidhani amekuja na polisi, lakini alikuwa peke yake, na safari hii hakusimama wima. Aliniomba niende kwake. Alisema alikuwa amekusanya ushahidi wa kuniripoti, kanda nzima, na amekaa nayo mezani bila kuituma. Kuna mwanamke anazungumza ndani yake. Angependa kujua anasema nini.

Chumba chake kilikuwa kidogo, kisafi, kimejaa mashine nilizokuwa nikiziota. Alinipa kiti na chai. Mezani palikuwa na daftari, na kila mstari ulikuwa na tarehe na saa aliyomsikia mwanamke huyo. Nikasoma: 14:00. Mstari uliofuata, 14:00. Siku tisa zimefuatana, 14:00.

“Saa nane,” nikasema. “Mimi nilikuwepo saa nane. Niliita. Hakukuwa na mtu.”

Mzee alionyesha saa mbili za ukutani. Moja ilikuwa sawa na ya mkononi mwangu. Ya pili ilikuwa nyuma kwa saa nzima. “Sisi redioni hatuisogezi,” alisema. “Tunaandika kwa hiyo, majira yote. Mjini ilikuwa saa tisa.”

Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Saa tisa. Mimi nilikuwa natoka saa tisa kasorobo, nafunga mlango, natembea kwenda kituo cha basi. Siku tisa zote alikuwa amekuja kwa wakati wake, kama tulivyopatana, na ni mimi niliyekuwa nimeondoka. Nilimwomba mzee aniwekee kanda.

Akabonyeza kanda. “Kaka, kaka, njo miye. Niko nakungoya. À vous.” Kisha, baada ya ile à vous, yaani zamu yako, mlio mtupu, pale aliponiachia nafasi nijibu. “Kaka, à vous.” Siku ya nne: “Bapadiri banatoka kesho. Miye nimebaambia kaka alisema nisitoke mpaka aseme.” Nilimtafsiria mzee kila neno, polepole. Sikujua kufanya lingine.

Siku ya tisa kulikuwa na sauti mbili. Mzee alitaka kuisimamisha mashine, nikamshika mkono. Ya pili ilikuwa sauti yake, kwa Kiingereza kilichonyooka: masafa haya ni ya vituo vyenye leseni, tafadhali ondoka, narudia, tafadhali ondoka. Na dada yangu, ambaye Kiingereza hakujua hata salamu, akajibu kwa furaha. Nilimfundisha mwenyewe sheria hiyo: ukisikia mtu usiyemjua hewani, mpe ujumbe. Mtu wa phonie hachagui, atafikisha.

Kanda iliishia pale. Mzee alikuwa ameinamisha uso. Alisema siku ile, baada ya kusikia jinsi alivyojibu, hakulala vizuri. Kesho yake alikusudia kuja kuniita nikae naye nisikilize, na ugomvi uishe. Lakini kesho yake antena yake ilikufa. Watoto wa mtaani walimchomea pini kwenye waya, akahangaika wiki tatu kuitafuta. Aliporudi hewani, hakukuwa na mtu tena.

Nikanywa chai yake. Yeye alifariki miaka michache baadaye akiamini ni watoto, na mimi ndiye niliyemwacha aamini.

“Aliniambia nini?” mzee akauliza. “Mwishoni. Nilipomwambia aondoke.”

Nikamwomba airudishe kanda, nikasikiliza tena, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri. “Aksanti sana, papa. Umuambie kaka asikuwe na wasiwasi. Kesho nitaita tena, saa ile ile.”

“Amekushukuru, amekuita baba,” nikamwambia. “Amesema kesho ataita tena.”