Saa ya Kupimia Mbio za Risasi

Hapa Songea hakuna jambo linalonipita. Nilikuwa dukani kwa Mhindi nachagua kaniki, akaingia askari jasho linamtiririka. Bwana mkubwa wa boma alitaka kuwaonyesha watu kwamba risasi ina mbio kuliko dawa yoyote ya maji ya kujikinga nayo. Askari asipopata saa ya kuaminika ya kuzipima mbio hizo, atakula kiboko.

Mwenye duka akatoa saa mbili. Tukaenda nyuma ya duka, askari akalenga debe, mimi mtaalamu nikashika saa. Ile ya dhahabu ilitoa jibu jipya kila risasi. Ile ya chuma ilirudia jibu lile lile.

"Hii ndiyo isemayo kweli," askari akasema, akaibusu.

Kesho yake tukaitwa bomani. Bunduki ikalia, debe likaruka, bwana mkubwa akaitazama saa ya chuma.

"Mmeona? Mshale haukusogea! Risasi yetu haitumii muda wowote!"

Bibi mmoja mwenye mtungi kichwani akauliza kwa upole, "Bwana, kama haikutumia muda, si ndiyo kusema bado haijatoka?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bwana mkubwa akaiweka saa sikioni. Ilikuwa imekufa kitambo. Akamgeukia askari, naye askari akaninyooshea kidole: "Aliyepima ni huyu!"

Wanaosema nilikimbia ni waongo. Kwa kipimo cha saa ile ile ya chuma, nilifika kijiji cha Mpitimbi bila kutumia muda wowote.