Siku Mutobe Uliponiumbua

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, nikaacha. Nyumba yangu niliijenga kwa kubeba mbao sokoni Nyawera, kwanza mbao za watu, kisha za kwangu. Mtu wa namna hiyo hapendi kuambiwa jinsi ya kuishi. Na kwa miaka mingi nilikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Saa tano za asubuhi, lori likisha kupakuliwa, tayari nilikuwa nimeketi na kikombe mkononi. Jioni watoto walinisikia kabla hawajaniona.

Binti yangu wa kwanza alipopata mchumba, alikuja kuniambia uso kwa uso. Yeye ni kama mimi, hazunguki.

"Papa, siku ya mahari na siku ya kanisa, ukigusa pombe, tonton ndiye atasimama pahali pako. Nimesha kumuambia."

Tonton wake ni mdogo wangu. Kufunga kamba za viatu nilimfundisha mimi! Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda parokiani.

Padri alisikiliza maungamo yangu, akaniondolea dhambi, kisha akanituma kwa mama mmoja anayetoa mashauri katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Nilimtazama. Alikuwa mdogo kuliko mke wangu.

"Mama, wewe utanifundisha nini?"

"Sifundishi, muzee. Nauliza tu. Unakunywaka saa ngapi?"

"Saa tano."

"Na saa ine unafanyaka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za saa nne. Nilifikiri sana. Saa nne ni njaa. Sikuwa nakula kitu tangu asubuhi, kwa kiburi tu, ili wabebaji waone tajiri wao hachoki. Akaniambia: saa nne kula, ingia kanisani useme Baba Yetu moja, rudi kazini. Nilicheka. Hiyo ni dawa ya watoto! Lakini nikaifanya. Juma la kwanza nilianguka mara mbili, nikaenda kumwambia. Hakunigombeza.

"Ulikula?"

Sikuwa nimekula.

Mwezi wa tatu nilianza kuamka nikiimba, mke wangu akadhani nina homa. Mikono iliacha kutetemeka. Ile kazi sikuifanya mimi, naandika wazi. Mungu aliifanya, mimi nilimpelekea mikono tu.

Ikabaki siku ya mahari. Katika ukoo wetu, wakwe wakisha kuketi, mtungi wa kasiksi unawekwa katikati, na baba wa binti anavuta mrija wa kwanza mbele ya watu wote. Asipovuta, wageni hawanywi. Mama wa mashauri aliniambia, "Simama, useme hukunywi tena. Basi." Mimi? Niseme mbele ya wakwe kwamba nilikuwa mlevi? Nilimjibu ndiyo, lakini nilikuwa na mpango wangu.

Dada yangu anakaa Nyantende. Siku ya Jumatano alinikamulia mutobe, yale maji matamu ya ndizi ambayo hata watoto wachanga wanalambishwa. Niliujaza katika bidoni, dumu la plastiki, nikauficha nyuma ya jiko mtu asiuone. Jumamosi asubuhi niliumimina upesi upesi katika mtungi, nikafunika. Macho ya wakwe yataona kasiksi, tumbo langu litapokea sukari ya ndizi. Nilijiona nina akili kupita parokia nzima.

Wakwe wakaja, wakaketi. Msemaji wao, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, akanipigia makofi ya heshima.

"Baba mukwe, tufungulie njia."

Nikashika mrija, nikainama. Harufu ikanipiga usoni. Siku tatu karibu na moto, tena ndani ya bidoni iliyozoea pombe miaka yote, mutobe ulikuwa umegeuka kasiksi kabisa, kali, inatoa povu. Kila mtoto wa Nyantende anajua kwamba mutobe haungoji. Mimi pia ninajua! Kiburi kilikuwa kimeniziba pua.

Mate yalijaa mdomoni. Mlangoni pa jiko binti yangu alisimama, ananitazama tu. Moyoni nikasema, Bwana, ni sasa. Nikauweka mrija chini.

"Bakwe," nikasema, "mimi nilikuwa mulevi. Si kidogo. Mungu alinitoa, na mama mumoja wa parokia alinisaidia. Leo nilitaka kubadanganya na mutobe, ule mutobe nao umekuwa pombe. Sikunywi tena. Munisamehe."

Mzee wa kofia aliamka polepole, akashika mrija mwenyewe, akavuta, akafumba macho, akavuta tena.

"Muzee," akasema, "kudanganya hujui hata kidogo. Lakini kutengeneza kasiksi unajua!"

Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Mama wa mashauri, niliyekuwa nimemwalika, alijipangusa machozi kwa kitenge.

"Muzee! Nilikuambia useme maneno mawili matatu, wewe ukaenda kukamua ndizi?"

Wakaniletea sucré, soda ya machungwa, baridi, nikainua chupa kama bwana. Vigelegele vikapigwa, akina mama wakaanza kucheza, na mzee wa kofia akanivuta katikati. Nilicheza. Sikumbuki kama niliwahi kucheza nikiwa na akili zangu zote, na magoti yalinishangaa.

Mdogo wangu akamvuta binti pembeni, nikamsikia akiulizia suti aliyoshonesha ili asimame pahali pangu.

"Sasa na kostimu nilishonesha?"

"Utaivaa, tonton. Utaketi mustari wa kwanza, ikuone kila mutu."

Jumamosi iliyofuata nilimshika binti yangu mkono mbele ya mlango wa kanisa. Alinikaribia mdomoni akanusa, kweli alinusa, mbele ya padri na watu, kisha akacheka akaniegemea begani. Kwaya ilikuwa imesha kuanza. Alitaka tutembee haraka. Nikamwambia angoje kidogo, mimi ndiye baba, na leo ninatembea ninavyotaka.