Vitambaa Viwili Kwenye Kamba

Wanafunzi walimpachika mwalimu wao wa sayansi jina la Mnaonaje, na ukikaa darasani kwake nusu saa huhitaji kuambiwa sababu. Ukimuuliza kwa nini chumvi huyeyuka, atakuuliza ninyi mnaonaje. Ukiomba kwenda msalani atakuruhusu, lakini utamwona akilimeza swali lililokwisha fika ulimini. Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda ubavuni mwa nyumba yao, husema siku alipomuuliza kama atakubali kuolewa naye alirudishiwa swali, akakaa wiki nzima hajui kama amepata mke au amefukuzwa.

Hakuanza hivyo. Zamani alifundisha sayansi kama wenzake: anaandika ubaoni lengo, vifaa, hatua na matokeo, wanafunzi wananakili neno kwa neno. Siku moja akasahau kuleta mshumaa wa jaribio. Alipokusanya kazi zao, darasa zima lilikuwa limeandika kwamba mshumaa ulizimika baada ya kufunikwa kwa glasi. Mshumaa wenyewe ulikuwa nyumbani, juu ya kabati. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu ni yeye aliyewazoesha hivyo.

Tangu hapo akabadili mtindo. Swali linatoka kwa wanafunzi. Wao ndio wanaoamua wabadilishe nini, nini kibaki vilevile, na wapime nini. Yeye huwasukuma kwa maswali tu. Ni kazi ya polepole, tena ina kelele. Waliomba stoo ya madawati mabovu, wakaifagia, wakaunganisha mbao zikawa meza, wakakata chupa za plastiki zikawa vyombo vya kupimia, wakafunga kamba nje ya dirisha. Mwalimu mkuu, mtu mwema ambaye ugonjwa wake ni kumaliza mtaala, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, Alhamisi mkaguzi anakuja," alimwambia. "Akiridhika, endelea na maswali yako. Asiporidhika turudi ubaoni, na chumba kirudi kuwa stoo. Tusilaumiane."

Swali la wiki hiyo lilikuwa la msichana waliyemwita Kifutio, kwa kuwa hakuna alichoandika bila kukifuta kwanza. Alitaka kujua kwa nini soksi zake nyeusi hukauka kabla ya shati lake jeupe. Darasa likakubaliana: vitambaa viwili, cheusi na cheupe, ukubwa mmoja, maji kiasi kilekile, vianikwe pamoja, waone kipi kitatangulia. Mwalimu akamwomba mumewe mabaki ya kitambaa, naye akainama chini ya cherehani akamfungia kwenye mfuko.

Alhamisi mkaguzi akaketi nyuma kabisa, mkoba juu ya magoti, uso hausomeki. Mwalimu akatia mkono mfukoni kuvitoa vile vitambaa, na vidole vyake vikajua kabla ya macho. Cheusi kilikuwa bitana ya koti, chepesi, kinateleza. Cheupe kilikuwa kitambaa kizito cha pazia. Mke wa fundi hahitaji taa kulitambua hilo.

Sentensi moja tu ingetosha kuliokoa jaribio. Lakini akiisema, mkaguzi ataona alichokiona kila shule: mwalimu anafikiri, watoto wanasikiliza. Akauma mdomo, akavigawa.

Wakapima kwa rula, wakakata, wakachovya kwenye maji kiasi kilekile, wakaanika. Jua lilikuwa kali. Cheusi kilikauka wakati cheupe bado kinadondosha maji. Kiongozi wa kundi, kijana waliyemwita Chapuchapu, akakimbilia ubaoni akaandika kwamba nyeusi hukauka haraka kuliko nyeupe. Wenzake wakampigia makofi. Mkaguzi akashika kalamu, akamtazama mwalimu.

"Mnaonaje?" mwalimu akauliza. "Tuna hakika ni rangi?"

"Ndiyo, mwalimu," wakajibu kwa sauti moja, kwa uhakika uleule wa walioandika habari za mshumaa.

"Haya. Akija mtu akabisha, mtamwonyesha nini?"

Wakatazamana. Mwalimu aliyaona kichwani madawati mabovu yamerudi, yamepangwa hadi darini, na yeye mbele ya ubao akiwaandikia matokeo. Ulimi ulimwasha, akaukandamiza.

Kifutio akainuka, akatoka nje kuchukua ushahidi wa kumwonyesha huyo mbishi. Akarudi na kitambaa kila mkono, anavifikicha.

"Mwalimu, hiki chepesi."

"Kwa hiyo?"

"Hiki ni kama cha ndani ya koti la baba. Hiki kingine ni pazia kabisa."

"Lakini ukubwa sawa," Chapuchapu akaruka. "Nimepima mwenyewe."

"Ukubwa sawa, unene je? Wewe ukivaa sweta na mimi fulana, tukinyeshewa tutakauka pamoja?"

Darasa likachafuka. Huyu anasema ni rangi, yule anasema ni unene, wa tatu anasema labda vyote viwili. Mwishowe Chapuchapu mwenyewe akakuna kichwa. "Basi hatujui. Inaweza kuwa rangi, ila hatujui." Kifutio akaenda ubaoni, akaifuta ile sentensi kwa kiganja.

Mwalimu akashusha pumzi aliyoishikilia tangu asubuhi. Akaegemea meza.

"Kwa hiyo jibu ni lipi?" mkaguzi akauliza, mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Bado hatuna, mzee," Chapuchapu akamjibu bila wasiwasi. "Tunatafuta vitambaa vingine."

Mkaguzi akaandika kitu kifupi, akafunga mkoba. Mlangoni akamwambia mwalimu mkuu, "Madawati yenu yatafutieni mahali pengine." Kisha akamsogelea mwalimu, akapunguza sauti. "Lakini kwa kweli, ni rangi au ni unene?"

"Wewe unaonaje, mzee?"

Jioni alijitupa kwenye kiti kando ya kibanda cha mumewe, akavua viatu, akacheka peke yake.

"Vipi, wamekufukuza?" fundi akauliza.

"Nusura uniue kwa bitana yako, baba watoto. Chumba tumebaki nacho."

"Uliniomba cheusi na cheupe. Kingine hukusema."

Kabla hajajibu, Chapuchapu na Kifutio walifika na vile vitambaa viwili na rula yao.

"Shikamoo, fundi. Tunaomba vitambaa viwili, cheusi na cheupe. Viwe aina moja, unene mmoja. Tofauti iwe rangi tu."

"Marahaba. Kwa nini rangi tu?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja, wakikatizana, wakimshikisha pindo la hiki na la kile mpaka akaweka mkasi chini asikilize. Hakuna aliyegeuka kumtazama mwalimu wao, aliyekuwa ameketi pale pale peku. Hajawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa.